Sura ya 7: Opampu Inakula Kidogo, Betri Inakufa Mapema

"Nimeweka opampu ya nanoampia, mbona betri haikufika hata mwezi?"

Swali hili huulizwa na watu wa aina nyingi: mwanafunzi wa chuo cha ufundi aliyeunda kipima mwanga kwa mradi wa mwisho, mkulima wa banda la nyanya anayetaka kujua jua linapiga kiasi gani kila siku, fundi aliyejaribu kutengeneza taa ya nje inayojiwasha magharibi. Wote wamesoma maelezo ya chipu, wakakuta namba ndogo ajabu, wakapiga hesabu iliyowapa miaka arobaini. Kisha kifaa kikazima kabla mwezi haujaandama tena.

Namba waliyoisoma haikuwa ya uongo. Ilikuwa namba ya opampu peke yake, gizani, ikiwa haijaombwa kitu. Mwanga ukishaanguka na vipuri vingine vikishaunganishwa, betri inapata walaji wengi, na mara nyingi opampu ndiye mdogo kuliko wote. Ndiyo maana sura hii haianzi na orodha ya chipu. Inaanza na maswali matatu: mwanga unaoupima ni mdogo kiasi gani, unabadilika kwa kasi gani, na unahitaji kuupima mara ngapi? Ukiwa na majibu hayo, opampu yenyewe ni rahisi kuipata.

Bajeti ya mwaka mmoja

Tuchukue betri ya CR2032, ile bapa ya duara inayokaa kwenye ubao wa kompyuta na ndani ya rimoti za magari. Ina volti 3 na takriban miliampia-saa 225. Maana yake ni kwamba inaweza kutoa mkondo wa miliampia 1, yaani sehemu ya elfu ya ampia, kwa saa 225, au mkondo mdogo zaidi kwa muda mrefu zaidi. Mwaka una saa 8,760. Ukigawanya, unabaki na maikroampia 25 hivi. Maikroampia ni sehemu ya milioni ya ampia.

Hizo 25 ndizo bajeti yako ukitaka kifaa kidumu mwaka bila kufunguliwa. Hapo hapo ndipo watakapokula opampu, rezista zote, maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayosoma kipimo), na betri yenyewe, kwa sababu betri hujipunguza hata ikiwa kabatini. CR2032 hupoteza karibu asilimia 1 kwa mwaka, sawa na mlaji wa robo maikroampia asiyelala.

Betri mbili za AA za alkalini ni habari nyingine. Zina miliampia-saa zipatazo 2,500, kwa hiyo bajeti ya mwaka inaruka hadi maikroampia 285. Ningependa msomaji asimame hapa kidogo. Watu huhangaika kuagiza chipu za nanoampia kutoka ng'ambo wakati kasha la kifaa chao lina nafasi ya kutosha kuweka AA mbili, ambazo duka lolote la mtaani linaziuza. Kama kifaa hakitavaliwa mkononi wala kufichwa ndani ya kitu kidogo, anza na AA.

Fotodiodi inatoa nini hasa

Fotodiodi ni kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme. Mwanga ukiongezeka mara mbili, mkondo nao huongezeka mara mbili, na uhusiano huo hubaki mnyoofu kutoka kwenye mwanga hafifu kabisa hadi kwenye mwanga mkali. Hapo ndipo inapoishinda LDR, ile rezista ya bei nafuu inayobadilika kwa mwanga, ambayo inachelewa kuitikia na haina mstari mnyoofu.

Nitatumia fotodiodi moja katika sura yote, BPW34, kwa sababu ni ya zamani, inajulikana, na inapatikana. Ina eneo la milimita mraba 7.5. Chini ya mwanga wa luksi 1,000 kutoka kwenye balbu ya uzi, inatoa takriban maikroampia 70. Luksi ni kipimo cha mwanga unaoanguka juu ya uso. Ofisi yenye taa nzuri huwa na luksi 300 hadi 500, mbalamwezi kamili haifiki luksi 1, na jua la mchana huzidi luksi 100,000. Kwa hesabu hiyo kila luksi moja inakupa nanoampia 70, na nanoampia ni sehemu ya bilioni ya ampia. Chini ya taa za LED utapata pungufu, kwa sababu BPW34 inaona vizuri zaidi miali ya infraredi ambayo jicho halioni, na LED nyeupe karibu haina miali hiyo.

Angalia upana wake. Usiku wa mbalamwezi ni nanoampia chache, na jua la saa sita ni miliampia kadhaa. Hakuna rezista moja itakayofaa ncha zote mbili, na anayeahidi kifaa kimoja cha kupima vyote bila kubadili chochote ndani yake hajapiga hesabu.

Jua peke yake halihitaji opampu. Unganisha fotodiodi na rezista ya omu 10, soma milivolti zinazotokea, kazi imekwisha. Miliampia 5 zikipita omu 10 zinakupa milivolti 50, na maikrokontrola nyingi zinaweza kuzisoma. Mkulima wa banda la nyanya, kwa mfano, anaweza kuishia hapa. Opampu inahitajika mwanga unapokuwa mdogo kiasi kwamba mkondo wake hauwezi kusomwa hivi hivi.

Opampu inavyoingia kazini

Opampu ni chipu yenye milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea. Inaangalia tofauti ya volti kati ya milango miwili ya kuingilia, kisha inasukuma mlango wa kutokea juu au chini mpaka tofauti hiyo iishe. Kwa kazi yetu tunaunganisha fotodiodi kwenye mlango mmoja wa kuingilia, na kati ya mlango huo na wa kutokea tunaweka rezista, iitwayo rezista ya mrejesho. Fotodiodi inavuta mkondo, opampu inaupitisha kwenye rezista, na mlango wa kutokea unaonyesha volti zilizo sawa na mkondo mara rezista. Maikroampia 1 ikipita megaomu 1, yaani omu milioni moja, unapata volti 1. Ni hilo tu.

Lakini fuatilia mkondo huo unatoka wapi. Fotodiodi inauvuta kutoka kwenye rezista, rezista inaupata kwenye mlango wa kutokea wa opampu, na opampu inaupata kwenye betri. *Mwanga wenyewe unakula betri.* Ofisini penye luksi 500 za balbu ya uzi, fotodiodi yetu inavuta maikroampia 35. Bajeti ya mwaka mzima ilikuwa 25! Unaweza kuwa umenunua opampu inayokula chini ya maikroampia 1 na bado ukavunja bajeti kwa sababu tu dirisha liko wazi.

Dawa ni tatu: fotodiodi yenye eneo dogo, kifuniko cha plastiki nyeupe kinachopunguza mwanga kabla haujafika, au kuzima opampu wakati hupimi. Ya tatu ina nguvu kuliko zote, na ina sehemu yake mbele.

Namba ya kwanza: inakula nini ikiwa imetulia

Kila opampu inahitaji mkondo fulani ili iwe macho, hata isipofanya kazi. Ni kama daladala lililo kituoni likisubiri abiria, injini inanguruma: mafuta yanaungua na safari haijaanza. Tuuite mkondo wa kutulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya George A. Philbrick huko Boston, Marekani, ilianza kuuza opampu ya K2-W. Ilikuwa na taa mbili za vakyumu na ilidai volti 300 chanya na volti 300 hasi. Mtu wa siku zile asingeelewa hata swali letu.

Leo, opampu ambayo duka la vipuri la Luthuli Avenue Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam lina uwezekano mkubwa wa kukupa ni LM358. Ni chipu nzuri ya miaka ya 1970, ngumu, na ya bei ya karanga. Inakula takriban nusu miliampia. Juu ya CR2032 hiyo ni saa 450, siku 19. Tena inataka angalau volti 3, na CR2032 ikishaanza kuchoka iko chini ya hapo. Kwa betri ndogo, LM358 imeondoka mashindanoni kabla hatujaanza.

Mbili nitakazozilinganisha ni za Microchip. MCP6001 inakula maikroampia 100 na kufanya kazi hata volti zikishuka hadi 1.8. MCP6041 inakula maikroampia 0.6, yaani nanoampia 600, na kuendelea hadi volti 1.4. Ukiweka MCP6041 peke yake kwenye CR2032, hesabu inakupa zaidi ya miaka 42, ambayo ni upuuzi mtupu kwa sababu betri itakuwa imezeeka zamani. Zipo na nyingine, kama TLV8541 ya Texas Instruments yenye nanoampia 500. Tofauti ya 500 na 600 haina maana yoyote mbele ya robo maikroampia ambayo betri inajipotezea yenyewe na maikroampia 35 za mwanga wa ofisi. Acha kushindanisha namba hizo.

> Kwa ufupi: Mkondo wa kutulia ukishashuka chini ya maikroampia 1, kuushusha zaidi hakubadilishi umri wa betri. Tafuta walaji wengine.

Namba ya pili: inayovuja mlangoni

Hii ndiyo namba inayosahaulika, na kwa fotodiodi ina uzito kuliko ya kwanza.

Milango ya kuingilia ya opampu inatakiwa isipitishe mkondo wowote. Kwa kweli huvuja kidogo. LM358 ya kawaida huvujisha takriban nanoampia 45, na mkondo huo unatoka nje ya chipu kuelekea fotodiodi. Kwa kuwa fotodiodi inataka kuvuta mkondo, inakutana na hizo 45 za bure na kuridhika. Opampu haioni kazi ya kufanya, na mlango wa kutokea unabaki chini mpaka mwanga uzidi karibu luksi 0.6. Mbalamwezi kamili, yenye robo ya luksi hivi, inatoa nanoampia 17 tu. Kwa LM358, mbalamwezi na giza ni kitu kimoja. Ubadilishe rezista utakavyo, hutauona mwezi.

MCP6001 na MCP6041 zimeundwa kwa teknolojia ya CMOS, ambayo milango yake huvujisha pikoampia 1 hivi, yaani sehemu ya elfu ya nanoampia. Hapo mbalamwezi ni mwanga mwingi. Kwa hiyo katika datashiti, yaani waraka wa mtengenezaji, angalia mkondo wa mlangoni kabla hujaangalia mkondo wa kutulia. Ukiona nanoampia, weka pembeni. Ukiona pikoampia, endelea kusoma.

Kisha kuna joto. Namba za datashiti hupimwa kwa nyuzi 25. Kasha la plastiki lililo juani Mombasa au Tanga halina nyuzi 25. Mkondo unaovuja kwenye milango ya CMOS huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10, na fotodiodi nayo ina mkondo wa gizani, unaopita hata bila mwanga, unaofuata kanuni hiyo hiyo. Kutoka nyuzi 25 hadi 55 ni maradufu mara tatu, yaani mara nane. Kwa BPW34 yenye volti 10 za kinyume, nanoampia 2 za gizani zinakuwa 16, karibu mbalamwezi nzima ambayo haipo. Ndiyo maana kwa mwanga mdogo fotodiodi huachwa na volti karibu sifuri: unapoteza kasi kidogo, unapata giza lililo giza.

Kuna mvujo wa tatu ambao hauandikwi kwenye waraka wowote, nao ni wa ubao wenyewe. Pwani hewa ina chumvi na unyevu. Mabaki ya flaksi, ile dawa inayosaidia risasi kushika wakati wa kulehemu, hunyonya unyevu huo na kugeuka njia ya umeme. Tuseme ukinzani kati ya mguu wa betri na mguu wa fotodiodi umeshuka hadi omu bilioni moja. Kwa masikio ya fundi wa redio hiyo ni hewa tupu, lakini volti 3 zikipita hapo zinatoa nanoampia 3. Pikoampia moja uliyoilipia imefunikwa mara elfu tatu. Osha ubao kwa alkoholi ya isopropili, uukaushe vizuri, na uzungushie mguu wa kuingilia pete ya shaba yenye volti sawa na mlango wa pili, ili kitakachovuja kiishie kwenye pete. Kisha paka vanishi ya kuzuia unyevu. Kazi hii ni ya nusu saa na inashinda kubadilisha chipu mara tatu.

Kasi, na bei yake

Opampu inayokula kidogo ni ya polepole. Hakuna ujanja wa kukwepa hilo: transista zilizo ndani zikipewa mkondo mdogo, zinachukua muda mrefu kujaza na kuondoa chaji. Zinakuwa na kelele zaidi pia, yaani mtikisiko mdogo wa volti usio na maana, ingawa kwa vipimo vya polepole unaweza kuchukua vipimo vingi na kutafuta wastani.

Datashiti hutaja kasi kwa hezi, idadi ya mabadiliko kwa sekunde, pale ambapo opampu inaishiwa uwezo wa kukuza. MCP6041 ina kilohezi 14, MCP6001 ina megahezi 1, tofauti ya mara 70 hivi. Lakini usidhani saketi yako itakuwa na kasi hiyo. BPW34 ina pikofaradi 70 za uwezo wa kuhifadhi chaji, na pamoja na rezista ya megaomu 1 inaivuta saketi nzima nyuma. Hesabu ya kipeuo cha pili inatoa kilohezi 5 hivi kwa MCP6041 na 46 kwa MCP6001. Umelipa mkondo mara 167, ukapata kasi mara nane na nusu. Kapasita ndogo (kipuri cha kuhifadhi chaji) sambamba na rezista ya mrejesho ni ya lazima, kama pikofaradi 33 kwa MCP6041. Bila hiyo saketi huanza kutetemeka yenyewe.

Je, kilohezi 5 zinatosha? Kwa mwanga wa mchana, jioni na banda la mboga, zinazidi. Rimoti ya televisheni hupepesa infraredi yake kwa kilohezi 38, na hapo MCP6041 haioni chochote.

Mapigo ya moyo ndiyo yenye mtego. Moyo hupiga mara moja hadi tatu kwa sekunde, kwa hiyo mtu hufikiri opampu ya polepole kabisa inafaa. Lakini kifaa cha ncha ya kidole kina LED yake inayomulika damu, na LED hiyo ikiwashwa inakula miliampia 20 au zaidi. Haiwezi kuachwa ikiwaka; inamulika kwa vipande vifupi. Opampu ya polepole ikitaka LED ikae milisekunde 1 nzima ndipo ipate kipimo kilichotulia, na ya kasi ikitosheka na sehemu ya kumi ya muda huo, basi ile ya "kula kidogo" inaifanya LED kula mara kumi zaidi. Hapa maikroampia 100 za MCP6001 ni akiba.

Sifuri isiyo sifuri

Saketi ya betri moja haina volti hasi, na opampu hakuna inayofika sifuri kabisa mlangoni pa kutokea. Hukwama milivolti chache juu yake, na hapo ndipo mwanga hafifu unapopotelea. Dawa ni kuinua mlango wa pili wa kuingilia hadi milivolti 100 hivi, ili giza lisomeke kama 100 badala ya sifuri.

Volti hizo hutoka kwenye rezista mbili zilizopangwa mfululizo kutoka betri hadi ardhi, na hapa ndipo nimeona saketi nyingi zikiharibika kimya kimya. Anayenakili mchoro wa zamani huweka jumla ya kiloomu 20, na betri ya volti 3 inapitisha maikroampia 150 humo, usiku na mchana, mara 250 ya opampu aliyoitafuta kwa bidii. Weka megaomu 10 juu na kiloomu 330 chini: unapata milivolti 96 kwa maikroampia 0.29. Tuliza volti hizo kwa kapasita ya nanofaradi 100.

Datashiti itataja pia ofseti, yaani kosa la kudumu kati ya milango miwili. MCP6041 inaruhusiwa hadi milivolti 3. Kama maikrokontrola yako inaweza kukumbuka namba, funika fotodiodi, soma thamani ya gizani, kisha iondoe kwenye kila kipimo. Chipu za ofseti ndogo sana, kama OPA333, zipo, lakini milango yake huvujisha makumi ya pikoampia na inakula maikroampia 17. Ni chipu safi sana ambayo kazi hii haiihitaji.

Kulala na kuamka

King'ora cha moshi cha dari hukaa miaka kwenye betri moja. Ndani yake kuna LED na fotodiodi zisizotazamana, na moshi ukiingia hutawanya mwanga mpaka ufike kwenye fotodiodi. Siri ya umri wake ni kwamba hakitazami muda wote. Kinamulika mara moja, kinasoma, kinalala sekunde kadhaa.

Fanya vivyo hivyo. Lisha opampu kutoka kwenye mguu wa maikrokontrola badala ya betri moja kwa moja, uiwashe unapotaka kupima tu. MCP6001 ikiwa macho milisekunde 2 katika kila sekunde, wastani wake ni maikroampia 0.2. Hiyo ni *chini* ya MCP6041 inayokesha kwa 0.6. Opampu yenye njaa mara 167 imekula theluthi moja ya ile yenye adabu, na mwanga wa ofisi uliokuwa ukivuta maikroampia 35 sasa unavuta 0.07.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kila opampu huwekewa kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme ili kuituliza. Ukiizima, kapasita inamwaga chaji. Ukiiwasha, unaijaza upya. Nanofaradi 100 kwa volti 3 kila sekunde ni wastani wa maikroampia 0.3, zaidi ya opampu yenyewe! Tumia nanofaradi 10.

La pili ni taa za nyumbani. Umeme wa gridi wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipima kwa milisekunde 2 tu, mara utakamata kilele, mara bonde, na kipimo kitaruka bila sababu. Unahitaji kutazama milisekunde 20 kamili na kuchukua wastani. Kwa kipimo cha kila sekunde, MCP6001 sasa inakula wastani wa maikroampia 2, na MCP6041 inayokesha imerudi mbele, ilimradi mwanga wako ni mdogo. Kwa kipimo cha kila dakika, MCP6001 inashuka hadi 0.033 na hakuna anayeikaribia. Ndiyo maana nilisema swali la *mara ngapi* linatangulia jina la chipu.

Walaji ambao si opampu

Kabla hujailaumu opampu, kagua hivi:

- Kidhibiti volti cha aina ya 7805 au AMS1117 kinakula miliampia 5 hivi kwa kuwepo tu. CR2032 inamalizika chini ya siku mbili. Kwa betri ya volti 3 huenda huhitaji kidhibiti kabisa. Ukikihitaji, MCP1700 inakula maikroampia 1.6.
- Taa nyekundu ya kuonyesha kwamba kifaa kimewaka. Ing'oe. Inaweza kula miliampia kadhaa ikikuambia kitu unachokijua.
- Bodi nzima ya Arduino Uno, inayovuta makumi ya miliampia hata programu ikilala. Toa chipu peke yake uitumie bila bodi.

Dukani

Kama kifaa kinapima mara chache, kwa dakika au kwa saa, nunua MCP6001 au inayofanana nayo, uilaze. Ni rahisi kupatikana, ina kasi ya kutosha, na ni vigumu kuikosea. Kama ni lazima saketi ikeshe ikisubiri jambo, tuseme droo ifunguliwe na mwanga uingie, hapo MCP6041 ina kazi yake halali, na giza la droo litahakikisha mwanga hauli betri. Kwa LED inayomulika haraka, usiangalie kabisa opampu za nanoampia. Na kama umebaki na LM358 mkononi na AA mbili mpya, jua kwamba volti 3 za betri hizo zitashuka wiki za mwanzo. AA tatu zingeibeba, kwa mwanga mkali na kwa muda usiofika mwaka.

Soma mistari minne ya datashiti kwa mpangilio huu: mkondo wa mlangoni, volti ya chini kabisa, kasi, kisha mkondo wa kutulia. Soma safu ya thamani ya juu kabisa na si ya kawaida tu, na tafuta mchoro unaoonyesha joto.

Kupima ulichokiunda

Mita ya bei nafuu ya aina ya DT830, kwenye kipimo cha maikroampia 200, ina ukinzani wa kiloomu 1 hivi ndani yake. Kifaa kikiwa kimelala itakupa jibu zuri. Maikrokontrola ikiamka na kutaka miliampia 5, volti zote 3 zitaishia ndani ya mita na kifaa kitajizima, kisha kitaanza upya, kisha kitajizima tena, na wewe utadhani kimeharibika.

Njia bora ni kapasita ya maikrofaradi 1,000. Ijaze kwa betri na uiache imeunganishwa hivyo saa nzima, kwa sababu kapasita mpya huvuja sana mwanzoni. Ondoa betri, acha kifaa kiishi kwa kapasita pekee, na hesabu muda. Ikishuka kutoka volti 3.0 hadi 2.9 kwa sekunde 100, wastani wa mkondo ni maikroampia 1, kulala na kuamka vyote vikiwemo. Kwa mikondo mingine, gawanya: sekunde 50 ni maikroampia 2, sekunde 10 ni maikroampia 10. Rudia jaribio bila kifaa ili ujue kapasita yenyewe inavujisha kiasi gani, na utoe kiasi hicho. Nyaya za mita ziguse mwanzoni na mwishoni tu, kwa kuwa DT830 ikiachwa imeunganishwa inakunywa maikroampia 3 kwa megaomu yake 1, mara tano ya opampu unayoipima.